Nettie Stevens: Mwalimu aliyemwondolea mama lawama ya kuzaa wasichana watupu

Kama umekulia Kisii au Nyamira, stori hii unaijua. Kuna boma lenye wasichana wanne, watano, pengine sita. Mama wa boma hilo amesemwa sokoni na amesemwa kwenye matanga. Mashemeji wamemnong'oneza kaka yao atafute mke wa pili. Wazee wameuliza shamba litabaki na nani. Naye mama amezunguka kwa madaktari, waganga na waombezi akitafuta dawa ya kuzaa mvulana, kana kwamba yeye ndiye aliyemkataa.

Sasa nikwambie kitu. Jibu la kesi hiyo lilipatikana mwaka wa 1905, ndani ya mdudu wa unga. Aliyelipata alikuwa mwalimu wa kike, asiyeolewa, aliyeanza masomo ya chuo kikuu akiwa na miaka 35. Jina lake ni Nettie Maria Stevens. Ameaga dunia zaidi ya miaka 110 iliyopita, lakini alichokiona kwenye hadubini bado hakijafika kwenye maboma mengi. Wacha nikupe maisha yake, halafu utajua la kusema siku mjadala huo ukizuka nyumbani kwenu.

Binti wa seremala

Nettie alizaliwa tarehe 7 Julai 1861 katika mji mdogo wa Cavendish, jimbo la Vermont, Marekani. Ni mwaka uleule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza nchini humo. Mama yake alifariki Nettie akiwa mtoto mdogo. Baba yake, Ephraim, akaoa tena na familia ikahamia Westford, Massachusetts.

Ephraim alikuwa seremala. Hakuwa tajiri, lakini kazi ya mikono yake ilitosha kuwasomesha binti zake wawili, Nettie na Emma. Usilichukulie jambo hilo kijuujuu. Enzi hizo wengi waliamini kwamba kumpeleka msichana shule kwa miaka mingi ni kupoteza pesa. Hata msichana mwenye akili kali hakuwa na njia nyingi mbele yake: angekuwa mwalimu, au angeolewa, basi.

Nettie alichagua ualimu. Alimaliza shule ya Westford mwaka wa 1880, akaenda kufundisha katika jimbo jirani la New Hampshire, kisha akajiunga na chuo cha walimu cha Westfield. Huko alikamilisha kozi ya miaka minne kwa miaka miwili, tena akiwa na alama za juu kabisa. Baada ya hapo akarudi darasani, na kwa muda akafanya kazi ya maktaba pia.

Maisha hayo unayaelewa. Gusii ni nchi ya walimu, na nyumba nyingi huku zimesimama kwa mshahara wa mwalimu mmoja anayelipia karo watoto wake, wa kaka yake na wa jirani. Nettie naye alikuwa mwalimu wa aina hiyo, anayehesabu senti. Tofauti ni kwamba alikuwa anaweka akiba kwa ajili ya ndoto yake mwenyewe.

Kuanza upya na miaka 35

Mwaka wa 1896, wenzake wa rika lake wakiwa na watoto wanaokaribia kuoa, Nettie alifunga mizigo akavuka Marekani nzima hadi California. Alienda kusoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambacho kilikuwa kimefunguliwa miaka mitano tu kabla yake. Alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1899 na ya pili mwaka wa 1900.

Kisha akarudi mashariki, kwenye chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania. Hapo alisoma chini ya Thomas Hunt Morgan, mwanabiolojia ambaye baadaye angejulikana dunia nzima. Alipata pia ufadhili wa kwenda Ulaya. Alifanya utafiti Naples, Italia, na Würzburg, Ujerumani, kwenye maabara ya Theodor Boveri, mmoja wa watu waliokuwa wakichunguza vijiuzi vilivyo ndani ya kiini cha seli. Vijiuzi hivyo ndivyo tunavyoviita kromosomu. Mwaka wa 1903 akapata shahada ya uzamifu, akikaribia miaka 42.

Je, milango ilifunguka? Haikufunguka hivyo. Daktari wa biolojia aliyekuwa mwanamke hakuwa na kazi ya utafiti inayomngoja mahali. Ilimbidi aandike barua kuomba ufadhili. Mwaka wa 1904 taasisi ya Carnegie ya Washington ikampa pesa za kufanya utafiti aliokuwa akiutaka: ni nini hasa kinachoamua mtoto awe wa kike au wa kiume?

Macho yote yalikuwa kwa mama

Ukidhani wazungu wa wakati ule walikuwa wamejua, hapana. Tangu wahenga wa Ugiriki, watu walikuwa wakisema ni joto la mwili. Kufikia mwisho wa karne ya 19, wasomi wengi waliamini ni lishe na mazingira ya mama mjamzito: akila hivi atapata msichana, akikosa hiki atapata mvulana. Kumbe hata kwenye vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, kesi ilikuwa ileile ya kijijini kwetu. Mshtakiwa alikuwa mama.

Nettie aliamua kuangalia badala ya kubishana. Kati ya viumbe aliowachunguza, aliyempa jibu wazi zaidi ni mbawakawa mdogo anayeishi kwenye nafaka na unga, yule ambaye funza wake wa rangi ya manjano huonekana unga ukikaa sana. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Unampasua mdudu, unatoa viungo vyake vya uzazi, unavikata vipande vyembamba sana, unavitia rangi, halafu unakaa kwenye hadubini ukihesabu. Saa baada ya saa, seli baada ya seli.

Hesabu ikaja hivi. Seli za jike zilikuwa na kromosomu 20 kubwa. Seli za dume zilikuwa na 19 kubwa na moja ndogo sana. Hiyo ndogo ndiyo ilimshtua. Alipofuatilia namna mbegu za dume zinavyotengenezwa, akaona zinagawanyika makundi mawili yaliyo sawa. Nusu ya mbegu zilibeba kromosomu 10 kubwa. Nusu nyingine zilibeba 9 kubwa na ile ndogo. Mayai ya jike yote yalikuwa sawa, kila moja na 10 kubwa.

Fanya hesabu nami. Yai likikutana na mbegu yenye 10 kubwa, unapata 20 kubwa, yaani jike. Likikutana na mbegu yenye ile ndogo, unapata 19 na moja ndogo, yaani dume. Yai halina la kuchagua. Tofauti yote imetoka upande wa baba.

Makala yake ilichapishwa mwaka huo wa 1905. Baadaye kromosomu hizo mbili zikapewa majina ya herufi: ile kubwa ikawa X, ile ndogo ikawa Y. Kwa binadamu uthibitisho ulichukua muda. Ni mwaka wa 1956 tu ambapo wanasayansi walihesabu kwa usahihi kwamba tuna kromosomu 46, na mwaka wa 1959 ndipo ilipobainika kwamba kwetu sisi, kuwepo kwa Y ndiko kunakoelekeza mtoto awe wa kiume.

Hapa usikimbilie kumhamishia baba lawama. Baba hutoa mamilioni ya mbegu kwa mara moja, karibu nusu zina X na nusu zina Y, na hana uwezo wa kuamua ipi itafika kwanza. Chukua sarafu ya shilingi tano, irushe mara tano. Kuangukia upande uleule mara zote tano hutokea takriban mara moja kwa kila majaribio 16. Kwa hiyo ukitembea kutoka Suneka hadi Keroka ukihesabu nyumba zenye watoto watano, karibu moja katika kila 32 itakuwa na wasichana watupu, na nyingine moja hivi wavulana watupu. Hakuna aliyerogwa. Na ujauzito wa sita nao una nafasi nusu kwa nusu, kama wa kwanza.

Zamani Abagusii walikuwa na njia yao ya kushughulikia jambo hili: mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwingine ili boma lipate mrithi. Leo Katiba ya 2010 haimbagui binti kwenye urithi. Lakini ulimi wa watu unakwenda polepole kuliko sheria, na ndiyo maana hesabu ya Nettie bado ina kazi huku kwetu.

Sifa zilikwenda wapi?

Mwaka uleule wa 1905, mwanasayansi mwingine maarufu, Edmund Wilson, alichapisha matokeo yanayofanana. Yeye alikuwa ameangalia wadudu ambao dume lao lina kromosomu moja pungufu. Kila mmoja alifanya kazi kivyake, lakini Nettie alikuwa na msimamo thabiti zaidi kwamba ni kromosomu zinazoamua, wakati Wilson bado aliyaachia mazingira nafasi. Hata hivyo, kwa miaka mingi vitabu vilimpa Wilson sifa, au Morgan, ambaye mwanzoni hata hakukubaliana na wazo hilo. Morgan ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1933 kwa utafiti wake kuhusu kromosomu na urithi.

Nettie hakuwepo kuona hayo. Chuo cha Bryn Mawr kilikuwa hatimaye kimemtengenezea nafasi ya uprofesa wa utafiti, ile kazi aliyoitafuta maisha yake yote, lakini alikuwa mgonjwa na hakuwahi kuianza. Saratani ya matiti ilimuua tarehe 4 Mei 1912, mjini Baltimore, akiwa na miaka 50. Alizikwa Westford. Katika miaka michache tu ya utafiti alikuwa amechapisha karibu makala 40.

Swali alilowaachia wengine

Nettie alituonyesha kura inapigwa lini na nani anaibeba. Lakini hakuishi kujua kura hiyo inahesabiwa vipi. Kromosomu ndogo kama Y inaufanyaje mwili mzima ufuate njia moja?

Jibu limo ndani ya gonadi, yaani kile kiungo kinachokuja kuwa korodani au ovari. Na hapa kuna jambo linaloshangaza wengi: mwanzoni ni kiungo kimoja. Hadi takriban wiki ya sita ya mimba, gonadi za kiinitete cha kike na cha kiume hazina tofauti unayoweza kuiona. Ni kama bonge la jiwe la sabuni la Tabaka kabla halijaguswa na patasi. Linaweza kuwa kiboko, linaweza kuwa bakuli. Ila hapa hakuna mchongaji. Seli zenyewe zinajichonga.

Ndani ya gonadi hiyo kuna seli za kusaidia, ambazo kazi yake ni kulea seli za uzazi. Zenyewe ndizo zinazoamua kwanza. Kama zina Y, jeni moja iliyo juu yake, iitwayo SRY, inawaka kwa muda mfupi. Jeni hii ilitambuliwa na watafiti wa London mwaka wa 1990. Mwaka uliofuata waliiweka ndani ya panya mwenye XX, ambaye kwa kawaida angekuwa jike, na baadhi ya panya hao wakaota korodani.

SRY ikiwaka, inaamsha jeni nyingine iitwayo SOX9, na hii haizimiki upesi. Seli zilizoamshwa huwa seli za Sertoli, zilizopewa jina la Mwitaliano aliyezieleza karne ya 19. Hazikai kimya. Zinawatumia majirani ujumbe nao wafuate, na zinazizingira seli za uzazi na kujipanga kuwa vifereji vya korodani. Halafu nyingine, seli za Leydig, huanza kutoa testosteroni.

Bila SRY, jeni kama WNT4, RSPO1 na FOXL2 hushika usukani, na zile seli za kusaidia huwa walezi wa mayai. Zamani ilisemwa kwamba ovari hujitokea tu pale korodani inapokosekana. Sasa tunajua hiyo nayo ni njia inayojengwa kwa bidii, na kila upande hufanya kazi ya kuuzuia mwingine. Muda nao ni muhimu. Kwa panya, SRY ikichelewa saa chache tu, upande wa pili unakuwa umeshinda.

Na zile seli za uzazi zenyewe, zitakazokuwa mayai au mbegu? Hizo ni wageni. Huzaliwa nje ya gonadi, kisha husafiri hadi humo. Zikifika hufuata wenyeji: zikikuta korodani hushika njia ya mbegu, zikikuta ovari hushika njia ya mayai.

Sungura wa Paris na ndama pacha wa kwetu

Uamuzi wa gonadi unaufikiaje mwili mwingine? Mwaka wa 1947, Mfaransa Alfred Jost alionyesha kwa sungura. Alitoa gonadi za vijusi vikiwa bado tumboni mwa mama. Vyote vikakua na njia za uzazi za kike, hata vile vya kiume. Jost alionyesha kwamba korodani hutuma jumbe mbili tofauti: testosteroni inayojenga njia za kiume, na homoni nyingine inayoyeyusha njia za kike.

Kama nyumbani mna ng'ombe wa maziwa, huenda umeona ushahidi huo bila kujua. Ng'ombe akizaa pacha wa kiume na wa kike, wakulima wazoefu wanakwambia yule jike usimtegemee, mara nyingi hatashika mimba. Si mkosi. Tumboni, mishipa ya damu ya pacha hao huungana. Homoni za ndama dume huingia kwa dada yake na kuvuruga ujenzi wa gonadi zake. Takriban ndama 9 kati ya 10 wa kike wa aina hiyo huwa tasa. Mmarekani Frank Lillie alieleza jambo hili mwaka wa 1916, miaka minne baada ya Nettie kufariki. Kwa hiyo kabla ya kumlipia mtamba wa pacha huko Nyamira, uliza ndugu yake alikuwa nani.

Uamuzi wenyewe haumaliziki tumboni. Mwaka wa 2009, watafiti walizima jeni FOXL2 kwenye ovari za panya waliokwisha kukomaa. Seli zake zikaanza kubadilika zifanane na za korodani. Mwaka wa 2011, wengine walizima jeni iitwayo DMRT1 kwenye korodani, na seli zikaelekea upande wa ovari. Ina maana seli hukaa kwenye njia yake kwa sababu inaendelea kuilinda, siku hadi siku.

Ukishaona hatua zote hizo, utaelewa kwa nini baadhi ya watu huzaliwa na miili isiyoingia moja kwa moja kwenye kisanduku kimoja. Pengine jeni moja ilinyamaza, pengine homoni haikupokelewa. Sensa ya Kenya ya 2019, ya kwanza kuwahesabu watu wa jinsia mbili, iliwapata 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto wao rasmi. Nao hawakuletwa na laana, wala mama zao hawakukosea mahali.

Umri si kizuizi

Tarehe 7 Julai 2016, Google iliweka mchoro wa Nettie kwenye ukurasa wake wa mbele, miaka 155 tangu azaliwe. Wengi walikuwa wanamsikia kwa mara ya kwanza. Wewe sasa umemjua.

Na kama uko hapo Kisii mjini na umri wa miaka 24 ukidhani umechelewa kwa sababu wenzako wamefuzu nawe bado unatafuta karo, fanya hesabu ya mwisho nami. Katika umri huo Nettie alikuwa mwalimu wa shule. Alibakisha miaka 11 kabla ya kukanyaga chuo kikuu, na 20 kabla ya kumpasua yule mdudu wa unga.